Naomba ushauri: sola ya skuli, Micheweni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Serikali inahimiza tuhamie umeme wa jua, na kamati ya skuli imeridhia. Tangu 2010 Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini kutoka Tanga. Ukikatika, watoto hukosa hata maji.

Hesabu ya siku: pampu ya wati 750 saa 2, taa 12 za wati 10 na kompyuta 4 za wati 60, saa 5. Jumla wati-saa 3,300. Kwa saa 4.5 za jua kali na upotevu wa robo, paneli 3 za wati 400 zinatosha.

Linalotutatiza ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama ule wa nyumbani. Fundi anashauri ya kuunganisha na gridi (umeme wa waya) bila betri. Hiyo umeme ukikatika nayo hujizima, hata jua liwe la utosini! Sisi tunaona haibridi (inayotumia gridi na betri pia) ya kilowati 3 na betri ya lithiamu ya volti 48, saa-ampea 100. Ya kilowati 1 haifai, maana mota ya pampu ikianza huvuta mara 3 hadi 6 ya kawaida yake.

Au pampu ipewe paneli zake peke yake? Na boliti za chuma kisichoshika kutu zikigusa fremu za alumini kwenye upepo wa chumvi, alumini ndiyo huliwa; washa (pete za kuweka kati yake) za plastiki zinadumu juani?