Kupima skwati za kuruka: EMG, kifaa cha uzi au simu?

NondoNyepesi: Wakuu, habari zenu. Nafundisha vijana wa mbio fupi, na sasa tuko kwenye skwati za kuruka kwa mzigo mwepesi, kila rudio kwa nguvu zote. Nataka kujua misuli inajituma kiasi gani, na kwa nini kijana anang'ara Jumatatu, Alhamisi anafifia wakati mzigo ni uleule. Kuna EMG, yaani kupima umeme wa msuli kwa elektrodi za kubandika kwenye ngozi, kuna kifaa cha uzi unaofungwa kwenye nondo kupima kasi yake, na simu tunazo. Hela inatosha kimoja. Mngechukua kipi?

FizioMoro: Mkuu, EMG inasoma umeme wa msuli, haisomi nguvu. Umeme ukiongezeka maradufu, usidhani nguvu nayo imeongezeka hivyohivyo. Zoezi la taratibu halina shida sana. Kwenye kasi, msuli unateleza chini ya ngozi, waya zinatikisika, jasho linalegeza gundi. Takataka nyingi za mtikisiko huo ziko chini ya Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), ndiyo maana watu huchuja na kubakiza 20 hadi 450. Umeme wa ukutani wa Hz 50 unaangukia humohumo ndani, kwa hiyo kompyuta itumie betri. Halafu maandalizi: unanyoa, unasugua kwa spiriti, unaacha sentimita 2 kati ya elektrodi na elektrodi, ukifuata uelekeo wa nyuzi za msuli. Chora alama kwa kalamu ya wino, maana elektrodi zikihama kidogo tu, Jumatatu na Alhamisi hazilinganishiki tena.

Kipimo_Tu: Chukua uzi, mambo mengine baadaye. Tuseme kijana ametoa 0.80, 0.84 na 0.76 m/s. Wastani ni 0.80, mkengeuko sanifu (namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) 0.04, gawanya kwa wastani, unapata 5%. Huo ndio mtawanyiko wake wa kawaida. Akishuka 3% siku ya pili, mwache afanye kazi, hujaona kitu bado. Ila marudio matatu ni machache mno, kusanya ya siku kadhaa kwanza. Na uzi usimame wima, ukilala pembeni namba zinadanganya.

DadaWaUwanja: Mbona simu mnairuka? Piga video, hesabu muda ambao miguu iko hewani, uzidishe kwa wenyewe, halafu mara 1.226: unapata mita. Nusu sekunde ni kama sm 31. Lakini angalia fremu! Kwa fremu 30 kwa sekunde, ukikosea fremu moja tu unasoma sm 35. Kwa 240, kosa hilohilo ni kama nusu sentimita. Na wakazie watue miguu ikiwa imenyooka kama walivyoondoka, kuna wajanja wanakunja magoti hewani ili waongeze muda.

FizioMoro: Simu na uzi vinakuonyesha matokeo, havikuonyeshi yamepatikanaje. Marudio mawili yanaweza kuwa na kasi ileile, moja limebebwa zaidi na mapaja ya mbele, jingine makalio yamesaidia. Pia misuli huwaka kabla mguu haujagusa chini wakati wa kutua. Hilo uzi hauwezi kukwambia.

Kipimo_Tu: Nakubali, lakini EMG nayo ina mtawanyiko wake, na mara nyingi unaushinda wa kasi. Utaiweka kwenye asilimia ya nini? Ukitumia mkazo wa juu kabisa wa kusukuma kitu kisichosogea, rudio la kasi linaweza kupita 100%. Ukitumia kilele cha zoezi lenyewe, unaweza kufuta tofauti uliyokuwa unaitafuta. Kwa anayetaka kujua nani apunguziwe mzigo leo, hayo ni mateso ya bure.

NondoNyepesi: Basi naanza na simu kwa 240 huku nikidunduliza za uzi. EMG nitaomba chuoni siku nikiwa na swali la msuli fulani. Mapumziko kati ya marudio je?

DadaWaUwanja: Ukiwapa sekunde kadhaa kati ya rudio na rudio, kasi haiporomoki haraka. Chagua muda mmoja, 15 au 20, usiubadilishe. Na joto la mwili liwe lilelile, usimpime mmoja ametoka kukimbia na mwingine ameshuka daladala sasa hivi.

Kipimo_Tu: Andika na saa ya siku. Asubuhi wengi huruka chini kidogo kuliko jioni.