Likizo inaisha wiki ijayo na bado nataka kunyonyesha. Mliwezaje?

Mama_wa_Pili
Habari zenu wapendwa. Naishi Umoja hapa Nairobi, kazi yangu iko Industrial Area. Mtoto ana wiki 11 na miezi 3 ya likizo ndiyo hiyo inayoyoma. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kwa foleni ya Jogoo Road narudi saa moja usiku. Mama mkwe yuko hapa na ameshaamua: maziwa ya kopo, na uji mwepesi akifika miezi 4.

Sitaki, na sababu ninayo. Kifungua mimba wangu nilimwachisha nikirudi kazini. Maji ya mfereji yalikuwa yanakuja mara moja kwa wiki, siku nyingine tunanunua ya mkokoteni. Kopo la gramu 400 halikuwa linafika siku 4, kwa hiyo dada wa kazi akawa anazidisha maji ili lisukume siku. Hakuwa mbaya, alituonea huruma. Jioni moja nikaigeuza chuchu ya chupa, ndani nikakuta utando mweupe unaoteleza. Wiki hiyo mtoto alihara mpaka utosi ukabonyea. Tulilazwa usiku nne.

Sasa mama mkwe ametazama maziwa niliyokamua kwenye kikombe akasema, "Haya ni maji." Moyo ulivunjika. Friji sina, na kazini pa kukamulia ni chooni tu. Je, ninajidanganya?

Nesi_Mstaafu
Hujidanganyi, mwanangu. Maziwa yanayotangulia huwa mepesi, hukata kiu. Yanayofuata ndiyo yenye mafuta mengi. Acha mtoto amalize ziwa moja ndipo umpe la pili. Mpaka miezi 6 hahitaji uji wala maji, hata hili jua la Januari likiwaka. Baada ya hapo anza kumlisha huku ukinyonyesha hadi miaka 2 au zaidi.
Maziwa yaliyokamuliwa yakae nje kwa muda wa saa 4, basi. Kwenye kibebeo cha baridi chenye barafu iliyoganda sawasawa, hadi saa 24. Kuyapasha, weka kikombe ndani ya bakuli la maji moto, usiyaweke juu ya moto. Na mtupie mbali chupa, anyweshwe kwa kikombe. Kikombe hakina pa kuficha uchafu.

Dada_wa_Kayole
Naomba niseme la upande wa pili. Mimi nilikamua mpaka nikalia, yakatoka matone. Kopo ndilo lililomlea wangu, na leo yuko darasa la tatu anapiga kelele hapa. Ukishindwa usijichape. Ila maji uchemshe wewe mwenyewe usiku uweke kwenye chupa ya chai, na vipimo mwandikie dada ukutani.

Mkamuaji
Hiyo ya chooni kataa. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017, kifungu cha 71, inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea, na imesema wazi pasiwe msalani. Kifungu cha 72 kinakupa muda wa kukamua mbali na ule wa chakula, usiozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi. Ukiigawa ni dakika 20 mara tatu, na inatosha, nimeifanya. Usiende kugombana. Andika barua fupi, utaje vifungu, useme unahitaji chumba chenye komeo, kiti na soketi.
Anza kukamua leo, usingoje Jumatatu ya kazi. Na usiku mnyonyeshe sana, ndipo maziwa hujaa. Usingizi utakopa kwingine 😅

Baba_Pacha
Mbona mzee wa nyumba hasikiki kwenye hii hadithi? Mama mkwe hakusikii wewe, atamsikia mwanawe. Mumeo aende naye kliniki siku ya kupima uzito, aone mwenyewe kwenye kitabu cha mtoto mstari unavyopanda. Mamangu alinyamaza hivyo hivyo.

Mama_wa_Pili
Asanteni jamani, nimesoma zote mara mbili. @Dada_wa_Kayole, pole, na nimekusikia.
Barua nimepeleka. Meneja hakuwa na habari na hiyo sheria, akaniomba nakala, kisha akanionyesha stoo ya sare. Ina vumbi lakini ina komeo. Kibebeo naazima kwa jirani anayeuza maziwa lala, na barafu ataniwekea kwenye friza yake. Mume ameahidi kliniki ya Alhamisi (tutaona).
Leo dada amejaribu kikombe. Nusu imeingia mdomoni, nusu imeteremka shingoni, na mama mkwe ndiye aliyekimbilia leso kumpangusa.