Upasuaji wa moyo na mpango wa kupona haraka: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wadau, poleni na zamu. Kitengo chetu kina miezi minane tangu kianze mpango huu wa kumsaidia mgonjwa apone haraka baada ya upasuaji. Mwongozo wake wa upasuaji wa moyo, wa 2019, tuliuchapa, tukaubandika ukutani, tukadhani kazi imeisha. Bingwa mmoja akatuambia, "Kehlet, daktari mwanzilishi wa mpango huu, alianza na upasuaji wa utumbo huko Denmark, hapa ni moyo." Wiki kadhaa tulibishana kuhusu maji tu, mgonjwa anywe mwisho lini kabla ya upasuaji! Kwenu ilikuwaje?

Nesi wa wodi: Hayo maji yametutesa. Kanuni ni mwisho masaa 2 kabla ya dawa ya usingizi. Mwenzangu akaandika kitandani "maji mwisho saa 2". Mgonjwa alikuwa aingie saa 2:30 asubuhi. Mzee wa watu akanywa kikombe chake saa 2 kasoro dakika 5, kwa utiifu kabisa. Ratiba yote ikapinduka. Siku hizi tunaandika "saa 12:30 asubuhi, basi".

Nesi wa ICU, usiku: Kwetu, wodi ya wagonjwa mahututi, ugomvi ni mrija wa kupumulia. Lengo ni kuutoa ndani ya masaa 6. Mgonjwa akifika saa 10 jioni, masaa 6 yanaangukia saa 4 usiku: daktari mmoja, manesi wawili, na kitanda cha pili mirija ya kifua inajaa damu. Nani athubutu? Tulikuwa tunamwacha alale hadi asubuhi, kwenye fomu tunajaza "hali haikuruhusu". Kilichotuokoa ni ruhusa ya maandishi: mwili umerudi kwenye joto la kawaida, havuji damu, presha imetulia, ameamka na anafuata maelekezo, kipimo cha gesi za damu (oksijeni na kabonidioksidi) ni kizuri, basi mrija unatoka bila kumpigia bosi simu. Kikikosekana kimoja, unabaki, hata masaa 6 yakipita.

Fizio: Mimi, mtu wa mazoezi ya viungo, ndiye katili wa wodi. Siku ya kwanza namkalisha kitini, ndugu wananikodolea macho, mgonjwa anadhani mfupa wa kifua utafunguka. Nimejifunza kuuliza kwanza parasetamoli imetolewa saa ngapi. Dawa ikisubiri mpaka mgonjwa aombe, hakohoi, hasimami, nami nimepoteza safari. Na akijazwa morfini, ile dawa kali ya maumivu, anasinzia mikononi mwangu.

Mleta mada: Nesi wa ICU, hiyo ruhusa nani alisaini? Wetu wanakubali kwa mdomo tu.

Nesi wa ICU, usiku: Bingwa wa usingizi na wa upasuaji, wote wawili. Tulianza na sahihi moja, yule mwingine akaikana usiku wa tatu.