Miaka tisa tangu niungue, na mwili bado unanidai. Nimechelewa?

Mama Shani (Tanga), Agosti 2024

Habari za jioni wapendwa. Mie ni muuza vitumbua. Niliungua alfajiri moja mwaka 2015, nilipoongeza mafuta ya taa kwenye jiko ambalo sikulizima. Moto ulinipata mkono wote wa kulia, kwapa, shingo upande mmoja na nusu ya kifua. Nililazwa miezi mitatu, wakachuna ngozi ya paja wakanipandikizia mkononi na kifuani. Siku niliyorudi nyumbani ilisomwa maulidi. Tangu hapo kila nikilalamika najibiwa neno lile lile: "Shukuru Mungu umepona."

Nashukuru, wala sikufuru. Lakini walioungua wenzangu, naomba mniambie kama haya ni yangu peke yangu.

Kaskazi likianza, Desemba mpaka Machi, mie ni mgonjwa. Ngozi ya kupandikiza haitoi jasho hata tone, kavu kama ngozi ya ngoma, huku kichwa na mgongo vinatiririka mpaka kanga inalowa. Nikikaa saa moja mbele ya jiko naona kizunguzungu. Usiku ndiyo zamu ya muwasho. Nimeshajikuna kwa gunzi la muhindi mpaka damu ikatoka.

Halafu mkono. Kwapa limeshikana mfano wa utando wa mguu wa bata, mkono haupiti bega. Kamba ya kuanikia nguo nimeishusha usawa wa kiuno. Kumsuka binti yangu siwezi, anakwenda kwa jirani. Kiwiko nacho kimekunja, na palepale kwenye mkunjo pana kidonda ukubwa wa sarafu. Zamani kilikuwa kinafunga na kufunguka. Tangu Ramadhani iliyopita hakijafunga. Napaka asali.

Kilichonifanya niandike ni sare. Mtoto wa dada yangu anaolewa, tumegawiwa vitenge. Fundi kaniuliza, "Mikono mirefu au mifupi?" Nikashindwa kujibu, nikalia mle mle kwenye banda lake mbele ya wateja.

Upasuaji baada ya miaka tisa unawezekana?

Mwalimu wa Njombe

Pole sana mama. Mimi nilitumbukiza mkono kwenye chungu cha uji nikiwa na miaka miwili, vidole vinne vikagandana kwenye kiganja. Walinifungua nikiwa na miaka 11, wakarudia nikiwa na 17, kwa sababu mifupa ya mtoto inakua na kovu halikui nayo. Kwa hiyo umri wa kovu si kizuizi. Lakini baada ya kisu kuna kazi. Mara ya kwanza nilivua banzi baada ya wiki tatu kwa kuwa wenzangu walinishangaa, na kidole cha mwisho kikarudi kilikokuwa. Hicho mpaka leo kimekunja.

Kuhusu kutazamwa: kila Januari nikipewa darasa jipya, siku ya kwanza naunyanyua mkono wenyewe, nawaeleza, nawaacha waulize. Wanauliza dakika kumi, kisha tunaanza hesabu. Nilichukua miaka mingi kufika hapo, kwa hiyo sikulazimishi.

Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya viungo), Moshi

Mama Shani, nitaanza na kidonda maana ndicho kinachonisumbua. Acha asali, nenda hospitali wiki hii. Mara nyingi ngozi ya kovu inapasuka kwa kuvutwa tu, hasa kwenye mkunjo. Lakini kidonda kinachokaa miezi bila kufunga juu ya kovu la zamani la moto kinaweza kugeuka saratani ya ngozi. Si jambo la leo: Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin aliandika habari za vidonda hivi mwaka 1828, na vinaitwa kwa jina lake mpaka sasa. Kwa kawaida huchukua miaka mingi sana kugeuka, ila hatukisii kwa macho. Waambie, "Nina kovu la moto la miaka tisa, kidonda hakifungi, naomba mkate kinyama mpime." Kiseme hivyo hivyo.

Mkono: hujachelewa. Kovu la moto huchukua mwaka mmoja hadi miwili kukomaa, na katika muda huo ndipo mazoezi, banzi na nguo za kubana hufanya kazi kubwa. Inaniuma kama ulitoka wodini bila kupewa hata kimoja. Sasa limekomaa, mazoezi peke yake hayatalifungua kwapa. Daktari wa upasuaji rekebishi hukata ule utando kwa umbo la herufi Z na kuzungusha vipande vya ngozi ili kupata urefu, au huongeza ngozi nyingine. Hospitali za Muhimbili na CCBRT, Dar es Salaam, wanafanya. Omba rufaa siku hiyo hiyo ya kidonda.

Joto: tezi za jasho zimekaa ndani ya ngozi. Walipokuchuna paja walichukua tabaka la juu, tezi zikabaki pajani. Hazitaota mkononi, kwa hiyo pika kabla jua halijapanda, tia kitambaa kibichi shingoni, kunywa maji kabla ya kiu. Muwasho: oga maji ya baridi, paka mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu, na umwambie daktari. Zipo dawa za aleji za kumeza usiku, na zisipotosha zipo za kutuliza mishipa ya fahamu. Gunzi litupe.

Baba Nuru, Mombasa

Dada, mke wangu aliungua kwa mtungi wa gesi 2018. Makovu yake ni madogo kuliko yako, lakini kwa miaka miwili alikuwa akiamka usiku mara tatu, nne, kunusa jikoni. Nilimgombeza nikidhani ni ukaidi. Ilikuwa hofu, na mshauri nasaha ndiye aliyeniamsha. Pia alikuwa hataki nimwone mgongo. Tuliambiwa kovu likandwe kwa mafuta kila usiku na yeye hafikii, ikabidi nikande mimi. Tulianza kuzungumza hapo. Tafuta mtu wa kukukanda, si kwa ajili ya ngozi tu.

Mama Shani

Nimekaa kimya wiki tatu, niwieni radhi. Nilikwenda hospitali ya mkoa, nikasema maneno ya Fizio neno kwa neno. Wamekata kinyama, majibu Jumatatu. Barua ya rufaa ya kwapa ninayo kwenye mkoba, nimeisoma mara nyingi mpaka imekunjika pembe.

Shani ananipaka mafuta usiku. Jana kaniuliza kwa mara ya kwanza siku ile ilikuwaje, nikamwambia yote.

Fundi nimemwambia ashone mifupi, na kile kitambaa kinachobaki akitunze, nisije nikaghairi.