Naomba ushauri: bima ya Land Rover 109 ya mwaka 1978

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Marehemu mzee aliniachia Land Rover 109, Series III ya 1978. Bodi ni alumini, haijaliwa na kutu. Chasisi nimeichomelea sehemu mbili. Usukani umelika pale pale alipozoea kuushika. Naitoa Jumapili tu, au tukiwa na msiba ama harusi Kondoa.

Hadi sasa nina bima ndogo, ile inayomlipa utakayemgonga. Gari lenyewe likiungua au kuibwa, sipati kitu. Nikaomba bima kubwa. Wakala akaangalia mwaka tu, hata boneti hakufungua, akaandika thamani ya chuma chakavu. Iliniuma sana.

Ninachotaka ni thamani tukubaliane kabla, iandikwe kwenye mkataba. Nikijitajia bei kubwa bila ushahidi, siku ya fidia watanirudisha kwenye bei ya soko.

Mthamini anayekubalika na kampuni za bima nampataje hapa Dodoma? Au nipitie broka mwenye leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini? Risiti za vipuri ninazo zote, tangu 2016. Aliyewahi kufanikiwa anielekeze, tafadhali.