Naomba ushauri: kukamua mafuta ya ndago tamu nyumbani

Kijiko_Kimoja: Wakuu, habari zenu. Nina kilo 5 za ndago tamu kavu (viazi vidogo vya mmea wa ndago, kwa Kiingereza tiger nuts) kutoka Ghana (kule huitwa atadwe, Wahausa huziita aya). Nataka kukamua kwa mashine ya skrubu ya mkono inayotumika kukamulia karanga. Nitegemee kiasi gani? Yanafaa kukaangia? Na ni kweli yana nyuzinyuzi na protini nyingi kama wauzaji wanavyoandika? Nyumbani kuna mtoto mwenye mzio wa karanga.

Mashudu: Mkuu, ndago kavu huwa na mafuta kama robo ya uzito wake, kwa hiyo ndani ya kilo 5 mna kilo 1 na ushei. Hutayapata yote. Wanga ni mwingi na hushika mafuta, tofauti na karanga. Usiziloweke wala kuzisaga na maji: utapata maziwa, yale Wahispania wa Valencia wanayotengenezea horchata, na mafuta yatabaki yamechanganyika humo. Chagua, osha haraka, anika hadi punje ivunjike kwa mlio badala ya kutafunika. Twanga chengachenga. Ukisaga unga laini, matundu ya mashine yataziba. Pasha chenga moto kidogo, mkono uvumilie, kisha kamua taratibu. Acha mafuta yatuame siku kadhaa, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa kikavu, weka kwenye chupa ya rangi nzito. Tone la maji likibaki, yatachacha mapema.

Siha_Jikoni: Hapo kwenye nyuzinyuzi wauzaji wanapotosha, na inaniudhi kwa sababu watu wanalipa pesa nyingi. Nyuzinyuzi, wanga na protini hubaki kwenye mashudu, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua. Mafuta ni mafuta. Ubora wake ni asidi ya oleiki (aina ya mafuta iliyo nyingi kwenye zeituni), takriban theluthi mbili au zaidi, karibu na mafuta ya zeituni, pamoja na vitamini E. Omega-3 ni kidogo mno. Kijiko cha chakula kina kalori 120 hivi, sawa na mafuta mengine. Tumia kwenye kachumbari, mboga za kukaanga kwa moto wa wastani, au nywele na ngozi. Kukaangia maandazi kwa kuyazamisha hapana: masalia ya wanga na sukari yataungua, mafuta yawe meusi na machungu. Mashudu usitupe, saga uchanganye kwenye uji.

Kijiko_Kimoja: Asanteni sana. Na zile ndago magugu za shambani?

Mashudu: Chimba uangalie. Zikiwa zimeungana kama shanga kwenye mzizi, chungu na zenye harufu kali, ni jamii nyingine, achana nazo. Ndago tamu hukaa moja moja kwenye ncha ya mzizi.

Siha_Jikoni: Kuhusu mtoto: ndago ni kiazi, si karanga. Ila mashine hiyo imeshakamua karanga, na masalia hujificha kwenye skrubu na chujio hata ukiosha. Tafuta mashine nyingine, na umuulize daktari wake kabla hajaonja.