Mtoto wa mbwa wa Malinois, miezi mitatu, hatulii hata kidogo: siku yake niipange vipi?

Mkulima wa Paje

Assalaam alaykum wana jamvi.

Nnaye mtoto wa mbwa, Malinois dume, ndio kwanza anatimiza miezi mitatu. Nimepewa na tajiri wangu alipofunga nyumba yake kurudi kwao. Nimemchukua kwa ajili ya shamba. Nna mihogo na matikiti huku nyuma ya kijiji, maweni, na nguruwe wanaingia usiku wanavyotaka. Kuku wa kienyeji pia nnao, wanazurura wenyewe.

Kila jioni nampeleka pwani tukimbie mpaka mimi nachoka. Tukirudi ndio anaanza upya: anang'ang'ania pindo za kanga za mke wangu, anarukia miguu ya watoto, anazunguka ua kama katiwa injini. Usiku analia. Asubuhi watoto wakipita kwenda chuoni kusoma Qur'ani anawafukuza kwa ndani ya ua, nao wanapiga mayowe na kukimbia, basi inakuwa mchezo. Juzi kamng'oa kuku manyoya ya mkia. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, kaja kuzungumza nami kwa upole, lakini ujumbe nimeupata.

Kumtoa sitaki. Ana akili huyu, neno ukimwambia mara mbili kashalishika. Naomba aliyewahi kulea mbwa wa namna hii anieleze siku yake inakwenda vipi, tangu alfajiri mpaka kulala.

Mzee wa Muyuni

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mimi nalea mbwa wa kusakia na wa kulinda mashamba huku kusini tangu ujana wangu, na hao Malinois nimewashika kadhaa kwa wenye nyumba za wageni.

Huyo mbwa wako ana usingizi. Mbwa wa umri huo hulala saa 16 mpaka 20 kwa siku, na hawa wenye hamu ya kazi hawajui kujilaza wenyewe. Ni mbwa wa Ubelgiji, walizalishwa kuchunga kondoo, na leo polisi na majeshi duniani wanawataka kwa sababu hawachoki upesi. Sasa wewe ukimkimbiza kila jioni unamjengea pumzi. Mwezi ujao atataka mbio ndefu zaidi, na miguu yako haitamtosha. Tena mifupa yake bado laini. Mbio ndefu, na kurukaruka juu ya mawe, subiri mpaka apite mwaka.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni banda. Dogo, lenye kivuli na upepo, awezalo kusimama na kugeuka, si lazima liwe kubwa. Akiwa macho kwa muda wa saa moja, arudi ndani alale kwa muda wa saa mbili. Atalia siku za mwanzo. Hakikisha kakojoa, kanywa maji, kisha mwache. Mlango ufunguliwe akinyamaza, hata kama kanyamaza kidogo tu. Usiku banda liwe karibu na dirisha lako, umtoe mara moja katikati ya usiku akojoe, bila mazungumzo wala mchezo, arudi.

Alfajiri ukishasali, vaa kikoi chako cha kazi na viatu vya raba ulivyomtengea yeye. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wanaishia kugombana na wake zao. Sisi ni wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito, kuosha ni mara saba na moja yake kwa udongo. Mbwa wa shamba na wa mawindo tumeruhusiwa kufuga, lakini usafi usiwe mzigo wa watu wengine. Ndoo yake mbali, bakuli lake mbali, na nguo zako za mbwa zisiingie chumbani.

Basi unamtoa kwa kamba, anakojoa pahala pale pale. Kisha chukua robo ya chakula chake cha siku, mpe kwa mkono, kidogo kidogo, kwa kazi. Njoo. Kaa. Tulia. Dakika tano tu, na umwache bado ana hamu. Baada ya hapo chukua vifuu vya nazi, vifunike chini uani, viwili vitatu utie dagaa, umwambie atafute. Mbwa akitumia pua anachoka kichwani, na akichoka kichwa atalala vizuri kuliko akitoka pwani. Ukimaliza, bandani. Jua likishapanda usimfanyishe kitu. Weka mgongo wa mkono wako juu ya mchanga: ukishindwa kuuacha pale, na yeye asikanyage. Hawa hawajui kusimama wakishikwa na joto, watakimbiza mpira mpaka waanguke, khasa kaskazi.

Sasa kuuma. Kuuma ndiko kutakakokupa mlinzi, kwa hiyo usikuue, kupatie pahala pake. Kata kipande cha gunia, kisokote, kifunge kamba. Kiburure chini kimkimbie. Usimsukumie usoni, kitu kikimjia atakiogopa, kikimkimbia atakitaka. Akikamata, vutana naye taratibu, usimwinue juu wala kumtikisa shingo, mara nyingine mwachie ashinde azunguke nacho. Halafu shikiza gunia kwenye goti lako, life kabisa, lisisogee, umtilie dagaa puani. Akifungua mdomo mwambie “achia”, mpe dagaa, na papo hapo lifufue gunia mchezo urudi. Hapo ndipo penye siri. Akijua kuwa kuachia ndiko kunakorudisha mchezo, ukubwani utamwita kwenye kitu chochote na atakiacha.

Akiushika upindo wa kanga, mama asivute wala asipige kelele. Asimame, wewe uje na gunia. Watoto wadogo hawawezi kusimama hivyo, kwa hiyo wasiwe naye bila mtu mzima na bila kamba. Akianza kuuma kila kitu bila mpango, hiyo ni dalili ya usingizi, mpeleke bandani.

Kuku. Hapa nataka uwe makini kuliko pote, kwa sababu kufukuza kunajilipa kwenyewe, kila akifukuza mara moja ujue kasomeshwa mara moja. Mfunge kamba ndefu, ukae naye mbali na kuku, mbali mpaka uone anaweza kula mkononi mwako. Mtazame masikio. Akimwona kuku masikio yanakwenda mbele, mdomo unafunga, mabega yanashuka kidogo. Mwite pale pale, kabla guu halijaondoka. Akigeuka, mpe kitu kizuri, kipande cha samaki wa kuchemsha bila mwiba. Guu likishaondoka umechelewa, kamba ndiyo itakayomzuia, na kesho anza mbali zaidi. Namna hiyo hiyo kwa baskeli, na kwa kima punju wakishuka mashambani. Hao wanalindwa na sheria na asili yao ni Unguja peke yake, mbwa wako asijifunze kabisa kuwa wanafukuzika.

Na wale watoto wa chuoni: saa yao unaijua. Saa hiyo mbwa awe bandani, au awe nawe upande wa pili wa nyumba akitafuta dagaa. Uzibe ule ukingo wa ua kwa makuti asiwaone. Baadaye akishakua kidogo utakaa naye mbali, wakipita anakula, wakimaliza kupita chakula kinasimama.

Jioni, baada ya alasiri jua likipoa, rudia ya asubuhi na uongeze gunia. Pwani nenda kwa kutembea, umwonyeshe ngalawa, wanawake wa mwani, mawimbi. Mchukulie maji matamu, akinywa ya bahari atatapika na kuharisha.

Nguruwe msahau kwa sasa. Mbwa mdogo akijeruhiwa na nguruwe jike mwenye watoto, akipona mwili, moyo haurudi.

Kijana wa Bububu

Mzee shikamoo, lakini mbwa wa ulinzi wetu huku tunamfunga mnyororo mchana kutwa, usiku tunamfungulia. Anakuwa mkali kwelikweli. Huku kumchezea mchezea si ndiko kumlegeza?

Mzee wa Muyuni

Marahaba. Mbwa wa mnyororo anakuwa na hofu, na mwenye hofu hachagui. Atamuuma mwizi, atamuuma mwanao aliyetoka usiku kwenda chooni. Na Malinois akifungwa mchana kutwa huanza kujizungusha na kujitafuna mkia. Mlinzi ninayemtaka mimi nikimwambia achia, anaachia.

Mfugaji wa Wete

Hodi jamvini. Mimi nafanya kazi ya mifugo huku Pemba, naomba niongeze la chanjo kwa sababu sijaliona.

Kaka, miezi mitatu ndio umri wa chanjo ya kichaa cha mbwa. Nenda ofisi ya mifugo ya wilaya, usingoje. Kuna na chanjo ya parvo, ile ya kuharisha damu, hutolewa mara kadhaa mpaka mbwa afike wiki 16. Kabla hajamaliza, asiguse mchanga wanaolala mbwa wa pwani. Lakini kumfungia ndani mpaka chanjo ziishe si sawa, huu ndio umri wa kuzoea dunia, ukipita haurudi. Mbebe. Mtie kwenye tenga nyuma ya baskeli, asikie honi za daladala, aone watu wa kanzu na wa mabuibui, wazee wa bakora, kwa mbali na kwa utulivu.

Kila mkitoka kichakani mpekue kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Kupe wanaleta homa inayoua mbwa. Chakula, ugali na dagaa peke yake haumtoshi, ongeza utumbo au kichwa cha ng'ombe kilichochemshwa, na usimpe ng'onda wala papa mkavu, chumvi nyingi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inachongoka. Muhogo mbichi usimpe kuguguna, una sumu. Kwa meno yanayowasha, rowesha kitambaa, kisokote, tia kwenye friza.

Na mtoto yeyote akichubuliwa na mbwa, hata huyu wako, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu spitali siku ile ile.

Mkulima wa Paje

Mzee wangu, dada wa Wete, ahsanteni sana, Mungu akulipeni kheri. Banda naanza kulipiga kesho, mbao nnazo. Suali moja tu: Ramadhani ikiingia ratiba hii nitaibeba vipi? Alasiri mimi sina nguvu.

Mzee wa Muyuni

Igeuze. Kazi kubwa ya siku iwe wakati wa daku: umekula, umekunywa, kuna baridi, naye tumbo tupu. Mpe nusu ya chakula chake hapo, kwa vifuu na kwa gunia, umalize upate muda wa kunawa na kubadili nguo kabla ya alfajiri. Alasiri mtoe akojoe tu na arudi kivulini. Baada ya tarawehe mpe iliyobaki kwa utiifu, dakika tano, tena mkae naye uani kwenye kamba bila kufanya lolote, watu wakipita. Kukaa bila kufanya lolote nako ni somo, na kwa mbwa huyu ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo ukimwona kajilaza mwenyewe, teremsha dagaa moja baina ya miguu yake ya mbele, usiseme neno.

Na banda, mlango wake ufungukie nje. Ukifungukia ndani atajifunza kuusukuma akupite.